Baridi ya Singida, Jiwe la Kibo na Shoga Yangu Boiti

UKITAKA kuchekwa kijiweni hapa Dar, sema Singida kuna baridi. Watu watakutazama kama vile umetoka usingizini. Kwa mtoto wa mjini, Singida ni kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti, vitunguu na vumbi; ni mahali ambapo basi linasimama watu wakachimbe dawa, kisha safari ya Mwanza inaendelea. Baridi? Baridi ni ya Lushoto, ni ya Makete, ni ya Arusha kwa wale wanaopenda kupiga picha na makoti.

Haya basi, nisikilizeni mimi niliyelala huko miaka minne.

Mji wa Singida umekaa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanda ulio wazi usio na mlima wa kuuziba. Kuanzia Juni mpaka Agosti, msimu wa kipupwe, upepo unakuja bila kupiga hodi. Unapita kwenye sweta, unapita kwenye fulana, unazikuta mbavu. Ndiyo maana wataalamu wa umeme wa upepo wameumezea mate mkoa huu kwa miaka mingi. Sisi hatukuwa na mitambo ya kuukamata. Tulikuwa na masweta ya kijani, na langu lilikuwa la mtumba, mikono yake inaishia kwenye viwiko.

Ila kutoaminiwa kuhusu baridi ni jambo la zamani nchi hii. Mei 1848 mmisionari mmoja Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona mlima Kilimanjaro akauliza ule weupe wa kileleni ni nini. Mwongozaji wake akamjibu kwamba ni baridi tu. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika Ulaya, na bingwa mmoja wa jiografia aliyekaa zake London akambishia kwamba anaota, theluji karibu na ikweta haiwezekani! Miaka ikapita kabla dunia haijakubali. Kwa hiyo nikichekwa kijiweni naona nina wenzangu.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Mwaka 1996 jina langu lilitoka kwenda fom wani shule moja ya bweni, wavulana na wasichana, nje kidogo ya mji wa Singida. Jina la shule naliacha, wanaoijua wataijua. Lami siku zile ilikuwa inakuaga Dodoma. Tulilala hapo Dodoma, kesho yake tukala vumbi mpaka jioni. Nikashuka na sanduku langu la bati, godoro limekunjwa kwa kamba ya katani, na nywele zimekuwa nyekundu kama za mdoli. Njuka kamili.

Kitu cha kwanza nilichokiona si shule. Niliona mawe.

Ambaye hajafika Singida hawezi kunielewa. Mawe ya kule si ya kuokota. Ni majabali ukubwa wa nyumba, mengine ukubwa wa ghorofa, yamebebana juu kwa juu utadhani kuna jitu lilikuwa linacheza likaitwa kwenda kula. Mwalimu wetu wa jiografia alituambia ni graniti, na kwamba mawe ya ukanda ule yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Sisi tulikuwa tunamhesabia yeye miaka hamsini na kumwona mzee!

Ratiba ya bweni nitaipitia haraka, maana kila aliyesoma bodingi anaijua. Saa kumi na moja alfajiri kengele, mchakamchaka gizani, kwata la meno yanayogongana. Maji ya kuoga yalikuwa yanatoka kisimani yakiwa na ubaridi wa kuuma mifupa, hivyo wengi tulioga "pasipoti", yaani uso na shingo, basi. Uji. Mstarini. Darasani. Ugali na maharage yenye wakazi wake. Prepo. Usiku mnasukuma vitanda viwili pamoja, mnalala wanne chini ya mablanketi manne, na wa pembeni ndiye anayeziba upepo. Kulikuwa na zamu ya kulala pembeni, na watu walikuwa wanaiuza kwa andazi.

Midomo ilipasuka mpaka kucheka ikawa ni gharama. Dawa yake ilikuwa mafuta ya alizeti, ambayo kule hayakosekani. Asubuhi bweni zima linang'aa miguu na kunukia kama jikoni.

Lakini hebu nikwambie kitu ambacho sikukitegemea. Baada ya mwezi wa tatu nilianza kuipenda ile hali ya kuwa nje. Temeke nje ni barabarani, ni magari, ni "we mtoto ingia ndani". Kule nje ilikuwa nje kweli. Tulikwenda kutafuta kuni mbali, tukapita ukingoni mwa ziwa Singidani, maji yake ya chumvi, na kuna misimu unakuta heroe wamejipanga majini, waridi tupu, mguu mmoja juu. Ukipanda jiwe refu siku anga ikiwa safi, kaskazini mashariki unauona mlima Hanang umekaa peke yake kama chungu kilichofunikwa. Nilijifunza kujua saa kwa kivuli. Nilijifunza kutambua mti ambao moshi wake hauumizi macho. Hakuna aliyekaa akanifundisha. Baridi yenyewe ilikuwa inakutoa bwenini, maana ndani ya lile jengo la saruji kulikuwa na ubaridi zaidi kuliko kwenye jua la saa nne.

Tulipofika fom tuu tukaanza somo la barafu. Jiografia ya siku zile, msomaji, ilikuwa inakupeleka Ulaya bila viza. Barafu inayotembea, mabonde yaliyochongwa na barafu, kokoto zilizobebwa na barafu. Mwalimu akauliza: "Nani hapa amewahi kuona barafu?" Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono kwa kujiamini. "Mimi mwalimu, ya ubuyu." Darasa lilivunjika!

Mwalimu hakukasirika. Alitutoa nje, akatuonyesha jabali moja kubwa nyuma ya bweni la wavulana, limelala kwa mteremko mrefu laini kama mgongo wa nyangumi. Akasema jifanyeni lile ndilo Kibo, weupe umeanzia pale juu, unashuka pole pole mpaka hapa. Kuanzia siku hiyo jabali likaitwa Kibo. Na weupe ulioshuka pale, msomaji, ulikuwa ni sisi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Unachukua dumu la mafuta lililochoka, lile la njano la lita ishirini, unalipasua upande mmoja. Unapaka mafuta ya alizeti chini yake, kidogo tu, maana ukizidisha utakutwa kwa marehemu. Unakaa ndani, unakumbatia magoti, mtu anakusukuma. Jiwe linashuka labda mita arobaini, mwisho kuna mchanga na vichaka. Breki ni miguu, na hapo ndipo unapoijua thamani ya katambuga, vile viatu vya tairi. Mwenye kandambili alikuwa anashuka mara moja tu, kisha anarudi peku.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wanaocheza skii nao hupaka nta chini ya zile mbao zao ili ziteleze. Nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka kondakta akaniuliza kama niko fiti.

Sasa, wasichana tulikatazwa kwenda pale. Uongozi wa shule hiyo ulikuwa na msemo wake kwamba msichana hapandi jiwe. Sababu hatukupewa. Wavulana walikuwa na Kibo kila Jumamosi, sisi tulikuwa na ua wa minyaa na ndoo za kufulia. Lakini kuni ni za nani? Za jiko la shule. Anayezileta ni nani? Ni wasichana. Na njia ya kuni inapita wapi? Umeshanielewa. Tulikuwa tunakwenda kuni saa saba wakati wavulana wako mpirani, tunarudi saa kumi, na madumu tumeyaficha kwenye pango dogo chini ya jiwe.

Aliyekuwa kiongozi wetu ni binti mmoja wa kutoka upande wa Ilongero, mwembamba, mrefu, mkimya darasani. Kwao kulikuwa mwendo wa siku nzima kwa mguu, na likizo aliutembea kweli, sanduku kichwani. Mchakamchaka alikuwa anaongoza bila kuhema. Hilo jina ninalomwita hakuwa nalo bado. Lilikuja na maandazi.

Magazeti yetu haya yana kazi nyingi, na moja ni kufungia maandazi. Ilikuwa mwaka 1998, mvua za El Niño zimetufanya kambale, njia zimekatika, habari zinafika zikiwa zimezeeka. Mama muuza maandazi akatufungia kwenye kipande cha gazeti, na kwenye kile kipande kulikuwa na picha. Mtu mweusi, amevaa nguo za kubana, miguuni ana mbao mbili ndefu, mikononi fimbo mbili, amesimama kwenye weupe mtupu. Alama ya mafuta ilikuwa imempita kifuani. Maneno ya chini yalisema ni Mkenya, anaitwa Philip Boit, na ameshiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani.

Kile kipande tulikisoma mpaka kikachanika. Februari 12 mwaka ule, mbio za kilomita 10, Boit alimaliza wa tisini na mbili, yaani wa mwisho, dakika kama ishirini nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mfalme wa mchezo ule. Na yule mfalme hakwenda kuvua viatu akanywe chai. Alisubiri pale pale kwenye mstari mpaka yule wa mwisho akafika, akamkumbatia.

Mengine nilikuja kuyajua ukubwani. Kwamba Boit alikuwa mkimbiaji wa kawaida wa Kenya, ndugu wa ukoo wa yule Mike Boit aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972. Kwamba theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza, kwa gharama za kampuni ya viatu. Kwamba mtoto wake mmoja alimpa jina la Dæhlie. Alirudi tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006. Kwamba mbio zile si za kuteremka tu, ni za kupanda na kushuka na tambarare, jasho tupu. Lakini picha haikusema hayo. Picha ilisema kitu kimoja kwa yule binti wa Ilongero: mtu mwenye sura kama ya kwetu ameteleza akiwa amesimama.

"Sisi tunakaa kwenye dumu kama mahindi," akasema. "Yule amesimama."

Jumamosi iliyofuata alikuja na katambuga za babu yake, zile ambazo tairi limelika likawa kipara kabisa. Akazipaka mafuta. Akachukua fito mbili za kuni, moja kila mkono. Tulimwambia usifanye. Tulimwambia kwa Kiswahili, kwa Kinyaturu na kwa Kiingereza cha mtihani. Akapanda mpaka juu, akapiga magoti kidogo, akajiachia.

Sijui nikueleze vipi. Upepo ulikuwa unavuma, sketi yake ya shule imejikunja nyuma, zile fito zimegusa jiwe zinatoa cheche za sauti, krrrr, na yeye hapigi kelele kama tunavyopiga sisi. Kimya. Ameangalia mbele kama anakwenda mahali. Alifika chini amesimama, akakimbia hatua nne tano kwenye mchanga, akageuka kututazama kule juu. Hapo ndipo alipoitwa Boiti. Mara ya pili alianguka akachanika kiganja cha kushoto, tukakifunga kwa lemba, na matroni akaambiwa ni panga la kuni. Mara ya tatu akasimama tena.

Wasichana sita walijifunza kushuka wamesimama muhula ule. Mimi nilikuwa wa nne. Sitanii, mpaka leo nikipita daraja la Salenda nikiwa nimebanwa kwenye basi, huwa naziona zile mita arobaini.

Kisha ikaja Julai. Wenzangu mliosoma enzi za kuchangia gharama mnaijua Julai. Mstarini baada ya wimbo wa taifa, mwalimu anafungua daftari la ada. Majina yanasomwa. Aliyesomwa anatoka mbele, anakwenda bwenini kufunga sanduku, na haruhusiwi kuingia darasani mpaka arudi na risiti. Asubuhi ile upepo ulikuwa unapeperusha kurasa za lile daftari, mwalimu anazishika kwa kidole. Boiti alikuwa jina la kumi na moja. Alikuwa anadaiwa kwa sababu mazao ya kwao yalibebwa na zile mvua.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa. Alikuwa amevaa masweta mawili, moja langu. Akasema atarudi wiki mbili. Tulimwekea kitanda mpaka Oktoba, hata ile zamu ya pembeni tukawa tunalala kwa niaba yake. Hakurudi. Simu hazikuwepo, barua mbili hazikujibiwa. Mwaka uliofuata mimi nikamaliza fom foo, nikarudi zangu Temeke na cheti.

Turuke miaka. Juni 2025 majina ya fom faivu yametoka. Binti wa dada yangu, mtoto wa Sinza aliyezaliwa na feni juu ya kichwa, amepangiwa wapi? Singida. Bweni. Kulikuwa na kilio pale nyumbani utadhani kuna msiba. Akaja kwangu na simu yake. "Ma'mdogo, bodingi ni hizi," akanionyesha video. Watoto wa Uswisi, miwani usoni, wanaserereka kwenye theluji wakiwa na walimu wao.

Nikaitazama vizuri. Ni kweli zipo. Kuna shule moja inaitwa Le Rosey, makao yake ni mjini Rolle, na tangu mwaka 1916 majira ya baridi yakifika shule nzima huhamia milimani Gstaad, asubuhi vitabu, mchana skii. Ada yake inazidi faranga 100,000 za Uswisi kwa mwaka. Nikamwambia mwanangu, hata nikiuza figo zote mbili na ya baba yako, hatufiki. Na wala si lazima uende Ulaya kukuta shule yenye kulipisha watu wapande mlima. Hapo Moshi ipo, ilianza mwaka 1969 ikiitwa International School Moshi, leo ni UWC East Africa, wanafunzi wake wanapandishwa milima ngazi kwa ngazi mpaka Kilimanjaro kama sehemu ya masomo. Mambo ambayo sisi tuliyafanya kwa kuiba, wenzetu wanapewa vyeti.

"Kwani Kilimanjaro kuna skii?" akauliza.

Swali zuri. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliipanda Kibo na skii zao, wakateleza kule juu. Lakini wanasayansi walipopima wakakuta kati ya mwaka ule ule wa 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imekwisha kupotea. Kwa hiyo jibu ni kwamba, mwanangu, umechelewa. Kilichobaki ni mawe ya Singida.

Hakucheka. Lakini alikubali kwenda, kwa sharti kwamba nimpeleke mwenyewe.

Julai tukapanda treni ya umeme mpaka Dodoma, ile iliyoanza kazi mwaka 2024, mtoto amelala begani, chaja mkononi. Dodoma tukachukua basi, lami tupu mpaka Singida. Hakuna hata chembe ya vumbi kwenye nywele. Nilijisikia kama nimedhulumiwa.

Tuliposhuka stendi upepo ukatupokea vile vile. Yule mtoto alishika mlango wa basi akasema "Ma'mdogo!" kama mtu aliyepigwa. Mimi nikawa nacheka, na katika kucheka nikasikia sauti nyuma ya safu ya madumu ya njano: "Wewe kicheko chako hakijaacha kulia kama punda?"

Msomaji, sikuhitaji kugeuka. Miaka ishirini na saba.

Boiti anauza mafuta ya alizeti. Ana meza yake, ana mwavuli aliofunga kwa nyaya ili upepo usiubebe, ana simu mbili na daftari la wadeni. Kiganja cha kushoto bado kina ule mstari. Tulishikana pale mpaka wapiga debe wakaanza kututania. Nikataka kumwuliza mambo yote kwa mkupuo: ulikwenda wapi, kwa nini hukujibu, ulijisikiaje. Akanikata.

"Nilikwenda nyumbani. Baba akauza ng'ombe mmoja, ada ikatimia Septemba. Nikapeleka hela mwenyewe. Nikaambiwa nafasi yangu amepewa mwingine." Akafunga kizibo cha dumu. "Barua zako zilifika. Nilikuwa sina hela ya stempu, halafu nikawa na hasira, halafu nikawa na mtoto."

Sikujua hilo. Tulikuwa tumemwekea kitanda mpaka Oktoba, naye Septemba alifika mpaka ofisini, hatua mia mbili kutoka bwenini kwetu, akageuzwa. Hakuna aliyetuambia.

Akamwangalia yule mtoto wa Sinza aliyekuwa anatetemeka. "Huyu anasoma bure?" Nikamwambia ndiyo, ada ya fom wani mpaka fom foo ilifutwa mwaka 2016, na ya fom faivu na siksi mwaka 2022. Akatikisa kichwa taratibu. "Ya 2016 niliisikia kwenye redio nikiwa nakamua mafuta. Nikazima mashine nisikie vizuri." Kisha akamgeukia mtoto: "Una masweta mangapi?" Moja. "Hujaja kusoma wewe, umekuja kufa." Akavua lake.

Jioni tulikwenda wawili kuliona Kibo. Bajaji ikatushusha njiani. Nusu ya jabali haipo. Limegongwa kokoto, kina mama wamekaa chini na nyundo, watoto wanapanga mafungu, na mjini nyumba zinainuka. Sikuweza kuwakasirikia, watu wanakula. Ile nusu iliyobaki ndiyo upande wa mteremko, na ukisimama pembeni jua likiwa chini unauona mfereji, upana wa dumu, unang'aa kutoka juu mpaka kwenye mchanga. Boiti alikaa akaupapasa. Akaniuliza kama ni kweli yule Mkenya alikumbatiwa, au ni gazeti tu. Nikamwambia ni kweli. Akasema yeye siku ile ofisini hata kiti hakupewa.

Sasa hebu sikia mambo ya Septemba. Tarehe 15, mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, marathoni ya wanaume. Alphonce Simbu, mwanajeshi wetu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, anaingia uwanjani bega kwa bega na Mjerumani Amanal Petros. Saa 2:09:48 wote wawili! Ikabidi picha iamue, na picha ikasema Simbu, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akaja na mwiko.

Wiki ile ile simu ikalia, namba ya matroni. Ni yule mtoto, ana dakika mbili. Hakuniuliza hali. Anasema mchakamchaka umebadilika, watu wanakimbia mpaka ziwani na kurudi, wasichana wana kundi lao, na yeye yumo. Anasema yule mama wa mafuta anakuja Jumamosi kuwasimamia, anakaa juu ya jiwe na saa ya simu, na ukifika wa mwisho anakusubiri, lakini ukifika umekata tamaa anakurudisha. Anataka raba, saizi 39, zenye soli nzuri.

Raba nimezipata Kariakoo, baada ya kubishana na muuzaji mpaka akaniita shangazi. Nimeongeza sweta mbili, moja ya kurudisha deni. Mzigo umeondoka na basi la alfajiri, umefungwa kwa gazeti na selotepu. Kijana wa ofisi ya basi aliniuliza niandike nani atapokea, jina kamili. Nikamwambia aandike Boiti, stendi ya Singida, kwenye madumu ya njano.